Wino Uliofutika kwa Nipa

Landrova ilimshusha Sajini Cecilia mbele ya shule ya msingi ya Mnachile, kupita Chilangala, ikaendelea na safari ya kupeleka masanduku ya kura vijiji vya mbele. Dereva alisema atarudi jua likianza kupoa, na kwamba amri aliyopewa ni kumchukua mwalimu mkuu akalale mahabusu Newala. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kwa sababu mke wa mwalimu alikuwa amesimama karibu na tangi la maji ya mvua, sahani ya chakula mkononi, imefunikwa kwa kitambaa.

Cecilia alikuwa askari wa upelelezi wa kituo cha Masasi, mzaliwa wa Lukuledi, mama mtu mzima mwenye wajukuu. Aliazimwa kwa sababu Newala walikuwa wameishiwa askari. Kila mmoja alikwishapangiwa kituo chake cha kura. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya uchaguzi, wa kwanza wa vyama vingi, na pale Mnachile wino wa kupaka vidole vya wapiga kura ulikuwa umeonekana unafutika. Wino wa namna hiyo haufai kitu. Mtu anaweza kupiga kura asubuhi, akaosha kidole, akarudi mchana akajiita jina la ndugu yake.

Shule ilikuwa imefungwa tangu katikati ya juma ili iwe kituo. Ramani zilikuwa zimebanduliwa ukutani pamoja na picha za viongozi, zimebaki alama za mraba za chokaa isiyochakaa. Watoto walikuwa makwao, kwenye mikorosho. Uwanjani, badala yao, walikaa vijana wa pande mbili: wa chama cha zamani karibu na mlingoti wa bendera, na wa chama kipya karibu na ukuta wa darasa la saba. Hawakuwa wakisemeshana. Katikati yao palikuwa na ndoo ya maji na kikombe kimoja cha bati, na Cecilia aliona kuwa pande zote mbili zilikuwa zikinywea kikombe hicho hicho, tena anayemaliza anakisuuza kwa ajili ya anayefuata.

Alimwendea kwanza mke wa mwalimu, Oliva, ambaye alimwamkia na kumweleza kwamba mgambo amekataa kuingiza chakula mpaka apate amri. Cecilia alifunua kitambaa. Ugali wa muhogo na kisamvu.

"Hiki si ushahidi," alimwambia mgambo. "Mpelekee ale."

Mgambo, jina lake Nurdini, alionekana kufurahi kuliko hata mwenye sahani. Aliipokea kwa mikono miwili akaingia nayo darasa la pili, alikokuwa amewekwa Mwalimu Alfredi.

Msimamizi wa kituo alikuwa Filemoni, bwana shamba kijana kutoka Newala, mwenye shati lililopigwa pasi na macho ya mtu ambaye hakulala. Alimpeleka Cecilia ofisini kwa mwalimu mkuu, akamwonyesha kabati la mbao. Vifaa vililetwa Alhamisi jioni, alieleza, vikawekwa humo kwa kuwa ndilo kabati pekee lenye kufuli. Sanduku la kura lenyewe liko darasa la saba, tupu, na mawakala wa vyama vyote wanalilinda. Ijumaa mchana aliwaita mawakala hao awafundishe kazi, na katika kufundisha aliwapaka wino kidoleni waone unavyokaa. Ijumaa jioni wakala wa chama kipya, mzee Bonifasi, alirudi ananuka pombe, na kidole cheupe.

"Ufunguo wa kabati ulikuwa kwa nani?"

"Kwa Mwalimu Alfredi. Lakiri tulipanga kuipiga leo."

Chupa aliyoitoa ilikuwa ya kahawia, ya kioo, ya kimo cha kidole. Cecilia alitumbukiza kijiti, akajipaka ukucha wa kidole chake kidogo. Rangi ilitoka zambarau, inang'aa tangu ilipogusa ukucha. Akatoka nje akasimama juani, mkono ameunyoosha, kama mtu anayesubiri mvua. Filemoni alisimama naye bila kuuliza. Baada ya kitambo rangi ilikuwa vile vile, zambarau ya ua la biringani.

"Sasa nahitaji nipa kidogo," alisema.

Nurdini alitazama mawingu. Nipa, pombe inayokenekwa kwa mabibo ya korosho, ilikuwa imekatazwa na serikali tangu zamani. Vijana wa pande zote mbili, ambao hawakuwa wamekubaliana jambo hata moja tangu kampeni zianze, walikubaliana sasa kwamba Mnachile hakuna nipa, na kwamba hata harufu yake hawaijui.

"Siitafuti niikamate. Naitafuta inifanyie kazi."

Ikaja chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Aliyeileta, kijana wa upande wa mlingoti, alisema ameiokota njiani.

"Uliikuta imelala au imesimama?" Cecilia alimwuliza.

"Imesimama, Afande. Hata mimi nilishangaa."

Watu walicheka, kila upande kwa sauti yake. Cecilia alilowesha kipande cha kitambaa, akasugua ukucha. Zambarau ilitoka yote, ukabaki ukucha mtupu. Kisha akamwomba Filemoni mkono wake wa kushoto. Kwenye kidole cha shahada, pembeni mwa ukucha, palikuwa na mstari mweusi.

"Huu uliupata wapi?"

"Semina, Newala. Juma lililopita. Walitupaka kama nilivyowapaka mimi."

"Ulipopakwa ulikuwa na rangi gani?"

Filemoni alifikiri. Alisema ulikuwa hafifu, kama maji ya magadi, hata wakanung'unika kwamba hauonekani. Walipotoka nje kula ndipo ukageuka mweusi. Cecilia alisugua mstari ule kwa nipa. Haukutikisika.

Akawaambia waliokuwa karibu, polepole, kwamba wino wa kweli unapenda jua. Ukitoka chupani ni hafifu, jua ndilo linaloukoleza. Huu uliomo chupani unang'aa tangu mwanzo na hauligeukii jua. Si kwamba wino ulikuwa mbovu. Huu haukuwa wino kabisa. Wino wenyewe ulikuwa mahali pengine, na kazi yake ilikuwa kuutafuta kabla ya Landrova kurudi.

Mzee Bonifasi alikuwa ameketi barazani mwa darasa la saba, mgongo kwenye mlango, mkeka wake umekunjwa kando. Tangu Alhamisi alikuwa akilala hapo hapo akilinda sanduku, na chakula aliletewa. Cecilia alimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kumsogezea nusu ya mkeka. Kabla hajaulizwa alianza kusema. Alikuwa amekwenda kwa rafiki yake Ijumaa jioni kumpa pole ya msiba, wakanywa kidogo, kikombe kikammwagikia mkononi. Alipojifuta, kidole kilikuwa safi. Alirudi moja kwa moja shuleni na kidole chake akiwa amekiinua juu, asije akaambiwa amekisugua kwa mchanga.

"Mwalimu sina chuki naye," alisema. "Wanangu wote amewafundisha yeye kusoma. Lakini ni mtu wa chama cha zamani, na ufunguo uko mfukoni mwake. Ungekuwa wewe, mwanangu, ungemkamata nani?"

"Ningemkamata mwenye wino."

"Basi mtafute. Vijana wangu nimewaambia watulie mpaka gari lije. Likija na kuondoka bila mwalimu, sitaweza tena kuwashika."

Hayo hayo, kwa maneno mengine, waliyasema vijana wa upande wa mlingoti: gari likiondoka na mwalimu, hawatakaa kimya. Cecilia aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru kwa kumwambia mapema.

Alikuwa bado amesimama nao pale kelele zilipozuka upande wa pili. Kijana mmoja wa chama kipya alikuwa ameushika mkono wa Nurdini mgambo na kuuinua. Vidole vya Nurdini vilikuwa vyeusi, vitatu kabisa, mpaka kwenye kiungo. Ndiye aliyelinda mlango wa ofisi, walisema, na sasa tazama. Nurdini alijaribu kuuvuta mkono wake.

Cecilia aliomba nafasi, akamkalisha kwenye ngazi. Alimmwagia nipa vidoleni, akasugua kwa kitambaa. Weusi haukutoka. Kijana aliyemshika mkono akasema kwa sauti nzito kwamba basi yamekwisha.

"Hayajaisha," Cecilia alisema. "Nipe ukucha wako, mwanangu. Mimi nimekata zangu."

Alimfanya kijana yule yule akwangue ncha ya kidole cha Nurdini. Ngozi nyeusi ilibanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake palikuwa pekundu, laini, kama pa mtoto. Cecilia akamgeuzia kijana viganja vyake mwenyewe, vyenye makovu madogo ya zamani kwenye ncha za vidole. Alimwambia kwamba kwao Lukuledi walibangua korosho tangu wakiwa hawajui kuhesabu, na mafuta ya ganda lake huunguza ngozi ikawa nyeusi, halafu ngozi hiyo hujibandua yenyewe. Wino haubanduki hivyo. Unajificha kwenye shina la ukucha. Kisha akaomba, kwa upole, kila ambaye hajabangua korosho juma hilo ainue mkono.

Hakuna aliyeinua. Kijana aliachia mkono wa Nurdini, na baada ya kusita akamletea maji kwenye kikombe cha bati.

Mwalimu Alfredi alikuwa ameketi kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda mpaka kifuani. Alikuwa amekula nusu ya chakula na kuisukuma nusu nyingine pembeni, akasema hiyo ni ya Nurdini, maana tangu asubuhi hajaonja kitu. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, na hakuficha mikono yake. Kwenye ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, mkono wa kulia, palikuwa na weusi. Cecilia alivishika vidole hivyo, akavikwangua kidogo. Havikubanduka. Akavisugua kwa nipa. Weusi ulibaki pale pale, umezama pembeni mwa kucha.

"Mwalimu, hii si korosho."

"Si korosho, Afande."

"Ni wino."

"Ni wino."

Alimwuliza nani mwingine alifungua kabati tangu Alhamisi. Mwalimu alijibu kwamba ufunguo ulikuwa kwake, aandikwe yeye. Alimwuliza wino uko wapi. Alisema aandikwe yeye tu, na kama kuna karatasi ya kutia sahihi aletewe sasa, kabla vijana hawajachoka kukaa. Alikuwa akisema kama mtu anayeomba aruhusiwe kubeba mzigo wa mwenzake.

Cecilia hakuandika. Alirudi ofisini, akafungua kabati, akachuchumaa mbele yake kama mtu aliyefika dukani bila haraka. Mtu anayemimina wino kutoka chupa hadi chupa, alifikiri, hupata wino kiganjani na katikati ya vidole. Mwalimu alikuwa nao kwenye ncha mbili tu, zile zinazokutana mtu akibana kitu kidogo na laini.

Rafu ya juu ilikuwa na vitu vya uchaguzi: mihuri, kalamu, mishumaa, boksi la karatasi ngumu lililoletwa na wino. Rafu ya chini ilikuwa ya shule, sanduku la huduma ya kwanza: mkasi, bandeji, sabuni, na rola ya pamba iliyochanwa karibuni, nyuzi zake bado zimesimama. Alitafuta kitu kimoja ambacho kila shule ya sehemu zile ilikuwa nacho, hata zile zisizo na chaki. Hakukiona. Kisha akalichukua boksi la wino akalinusa, akatia mkono ndani. Kitako chake kilikuwa kimelowa na kukauka, cheusi tii.

Alimwita Filemoni, akafunga mlango.

"Chupa ya wino uliyopewa Newala ilikuwa ya kioo cha kahawia?"

Bwana shamba alitazama boksi. Alijaribu kusema ndiyo, ikashindikana. Akaketi. Ilikuwa ya plastiki, alisema, na ilipasuka njiani kwa mitikisiko. Alipofika Mnachile nusu ilikuwa imevuja. Aliogopa. Ndiyo kazi yake ya kwanza ya dhamana, na alikuwa amesikia kwamba atakayepoteza wino ataulizwa mbele ya mkuu wa wilaya. Mwalimu Alfredi aliiona chupa, akamwambia wino uliobaki unatosha kijiji kidogo kama hiki, asihangaike. Akamtafutia kichupa tupu cha dawa kabatini, akakiosha, akamtengenezea na faneli ya karatasi.

"Kichupa cha dawa gani?"

"Dawa ya vidonda. Ile ya zambarau. Palikuwa na viwili, kimoja tupu, kimoja kina dawa."

"Na wewe ukapanga vitu vyako kabatini."

"Nilipanga vizuri, Afande. Vile vya shule nilivisogeza upande mmoja nipate nafasi."

Hakuonekana kuelewa alichokisema. Cecilia alimgusa bega na kumwambia aende akanywe maji, wala asimwambie mtu bado.

Alipoingia tena darasa la pili alimkuta Nurdini anakula ile nusu, na Mwalimu anamsimulia habari za mtihani wa darasa la saba. Nurdini alitoka na sahani. Cecilia alijibana kwenye dawati la mbele, akamgeukia Mwalimu.

"Niambie ni mtoto gani aliyeungua."

Mwalimu Alfredi alifumba macho. Nje mtu mmoja alikuwa anafungulia redio na kuifunga, anatunza betri.

"Ukienda pale na magwanda yako, Afande, patawaka moto."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza."

Alieleza basi. Shule ikifungwa watoto hukaa na korosho kutwa. Ijumaa asubuhi na mapema aliletwa mtoto wa darasa la tatu, Happiness. Alikuwa akichoma korosho kwenye debe, ganda likapasuka, mafuta yakamrukia mkono mzima. Zahanati haikuwa na dawa tangu mwezi uliopita. Watu wa Mnachile wakiungua huja shuleni, wamezoea hivyo, shule iwe imefunguliwa au imefungwa. Alijua kabati halitakiwi kuguswa. Lakini mtoto alikuwa analia. Mkono wake ulikwenda pale ulipozoea, pembeni kushoto rafu ya chini, akakuta chupa. Chumba kilikuwa bado na giza. Alimpaka kwa pamba, akaona rangi ni hafifu, akadhani dawa imechuja kwa kukaa sana. Chupa akampa bibi yake aendelee kumpaka nyumbani.

"Uligundua lini?"

"Bonifasi alipokuja na kidole chake. Nilitazama vidole vyangu, nikajua. Nilitaka kupambazuke niende kuichukua. Hawakuniacha nitoke."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Happiness ni mjukuu wa Bonifasi. Wino uko nyumbani kwa wakala aliyenishitaki. Ningesema hivyo, nani angeamini kwamba sikuupeleka ili nimtie hatiani? Wangeivamia nyumba ile. Mle ndani kuna bibi kizee na mtoto mwenye kidonda. Mimi nikienda Newala nitarudi siku moja. Moto wa nyumba haurudishwi."

Cecilia alivua kofia na koti lake la kiaskari, akaviweka kwenye dawati mbele yake. Akaenda barazani kumwomba mzee Bonifasi amsindikize nyumbani kwake, peke yao, akamsalimie mama. Bonifasi alitazama sanduku. Filemoni na wakala wa chama cha zamani walimwahidi kwamba hawatalisogelea, na yule wa chama cha zamani, kwa kumtoa wasiwasi, akalala chali kwenye mkeka wa mzee na kutangaza kwamba tayari amepitiwa na usingizi.

Walipita kwenye mikorosho, mchanga mwekundu umetapakaa mabibo yaliyochacha. Mkewe Bonifasi, Anjelina, alikuwa ukumbini anachambua dengu. Alifurahi kumpata mgeni, akamvutia kigoda, akauliza za Lukuledi. Mjukuu alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma yake, mkono umefungwa kitambaa safi.

Cecilia alimpa pole ya mtoto, akauliza anapakwa nini. Anjelina alimtazama mumewe, akasita. Baada ya kusita alisema kweli. Alikwenda kwa Mwalimu. Alijua amekatazwa, tangu kampeni mzee hataki nyumba yake iombe hata chumvi upande ule, ndiyo maana hakumwambia alipompelekea chakula. Lakini Mwalimu aliwafungulia mlango wa nyuma kabla jua halijatoka, akampulizia mtoto mkono muda wote anampaka, na hata chupa akawapa.

"Dawa yenyewe inauma," alisema, "nikaona nimhurumie, nimempaka mara moja tu. Na sijui ni ya namna gani. Nilimtoa nje kuota jua, mkono ukageuka kuwa mweusi kama chungu."

Akaingia ndani, akatoka na chupa ya kahawia imefungwa kwenye pindo la kanga. Cecilia aliipokea, akaifunga ndani ya leso yake safi, akatia sahihi juu ya fundo kwa kalamu. Kisha akamfungua mtoto kitambaa, polepole, anamwita jina lake. Mkono ulikuwa mweusi kuanzia kiganjani hadi juu ya kifundo, na malengelenge mawili katikati.

Mzee Bonifasi alichuchumaa. Aliushika mkono ule mdogo kwa chini, bila kugusa kidonda, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga. Akatazama kidole chake mwenyewe, kile kilichokuwa safi.

"Inauma?" alimwuliza mjukuu.

"Jana, Babu. Leo kidogo."

Cecilia alimwambia asipakwe tena. Dawa ya kura si ya vidonda, na malengelenge yale yaonwe na daktari wa misheni leo hii. Halafu akaeleza mambo mengine yote, kuanzia chupa iliyopasuka njiani hadi vichupa viwili vinavyofanana, cha wino na cha dawa, vilivyobadilishana rafu. Hakumwambia Bonifasi la kufanya. Alisema tu kwamba yeye atalipeleka jambo lilivyo, na kwamba gari liko karibu kurudi, na uwanjani watu wanamsubiri aliyeshitaki, siyo yeye.

Kuku walipita kati yao.

"Nikisema ilikuwa nyumbani kwangu," alisema mwisho, "vijana wangu watasema nimenunuliwa."

"Huenda."

"Na nisiposema?"

"Mwalimu ameshasema aandikwe yeye."

Alimnyanyua mtoto begani, Anjelina akafuata nyuma.

Landrova ilikuwa imekwishafika walipotokea kwenye mikorosho. Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, na vijana wa pande zote mbili walikuwa wamesimama. Mzee Bonifasi alipita katikati yao mpaka penye ndoo ya maji. Akamweka mjukuu chini, akamwinua mkono juu, taratibu, watu wote wauone.

"Wino huu hapa," alisema. "Ulikuwa nyumbani kwangu. Mwalimu alimpaka mtoto wangu akidhani ni dawa, na mimi nimemlaza darasani kama mwizi. Anayetaka kumkamata mtu kwa jambo hili aanze na mimi."

Kijana mmoja wa upande wake mwenyewe alitema mate chini, akageuka, akaenda zake. Wengine wawili walimfuata. Waliobaki walikuwa wanautazama mkono wa mtoto.

"Basi huyu kura yake ameshapiga," alisema yule mwenye nipa.

Kicheko kilianza upande wa mlingoti, kikavuka. Hata Happiness alicheka, bila kujua kwa nini.

Cecilia alifungua leso mbele ya mawakala wote wawili. Aliwapaka kidole, akawasimamisha juani mpaka rangi ikakolea, akawapa nipa wasugue wenyewe, wakasugua mpaka wakachoka. Chupa ikapigwa lakiri, chupa ya dawa akapewa Oliva aitunze nyumbani, mbali na kabati. Ufunguo wa kabati Cecilia alisema utalala kwake, naye atalala pale pale kituoni. Kwa Mwalimu hakuficha: kufungua kabati lenye vifaa vya kura ni kosa, ataliandika, na atajibu kwa wakubwa wake. Ataandika pia sababu. Filemoni, bila kuitwa, alisogea akasema la boksi pia liandikwe, na kwamba atalisema mwenyewe.

"Mtuhumiwa yuko wapi?" dereva aliuliza.

"Hakuna mtuhumiwa. Kuna mgonjwa. Mkalishe mbele na bibi yake, uwafikishe misheni, na kwenye mashimo uende polepole."

Gari lilipoondoka ilibaki kazi ya kupanga chumba. Palitakiwa dawati la kuwekea kituturi, pale mpiga kura anapojificha kutia alama, na madawati ya mninga ya shule ile yalikuwa mazito. Mwalimu Alfredi alishika moja peke yake, akaliburuta hadi mlangoni, likakwama. Mzee Bonifasi alikuja akashika mguu wa pili.

"Usidhani kesho nitakipigia chama chako," alisema.

"Sijakuomba kura, mzee. Nyanyua, tuvuke kizingiti."